Tone la maji kwenye ncha ya kamera

Nimelala ubavu wa kushoto, magoti nimeyakunja karibu yaguse kifua, gauni la hospitali liko wazi mgongoni. Mbele yangu, kama hatua mbili hivi, kuna stendi ya magurudumu yenye skrini na mashine zimepangwa moja juu ya nyingine, na pembeni yake imening'inizwa kamera yenyewe, ile ya kukagulia utumbo mpana. Nyeusi, unene wake kama kidole changu cha shahada, ndefu kuliko nilivyotegemea. Kichwani nilikuwa nimejiandalia kitu cha urefu wa mkono, kumbe ile sehemu ya kuingia peke yake inakaribia kimo changu nikisimama.

Kwenye ncha yake kulikuwa na tone la maji.

Nikaliangalia linavyokua, likawa zito, likaning'inia, likadondoka. Halafu taratibu likaanza kujikusanya lingine.

Hapo hapo likanijia swali ambalo dakika moja kabla sikuwa nalo: asubuhi hii, kabla yangu, hii kamera ilikuwa ndani ya nani?

Nesi akainama usawa wa uso wangu. "Kaka, una swali lolote kabla hatujaanza?"

Nikamwambia hapana dada, niko sawa tu.

Akasukuma dawa kwenye mpira wa dripu, nikahisi ubaridi unapanda mkononi mpaka kwenye kiwiko, na kitu cha mwisho nilichokiona kabla macho hayajafumba ni lile tone.

Kipimo kilienda vizuri. Majibu yameshatoka, nitayasema huko mbele. Ila zimepita wiki sita na lile swali nililolimeza limegoma kushuka, ndo maana naandika.

## Mara ya kwanza nilirudishwa

Nianzie nyuma kidogo, maana hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kwenye kile kitanda.

Damu nilianza kuiona chooni miezi minne kabla, nyekundu, kidogo, leo ipo kesho haipo, na mi nikajipa jibu mwenyewe kwamba ni bawasiri, jibu ambalo wengi tunajipa kwa sababu ndo jibu lisilotudai tuvue nguo mbele ya mtu. Nilipokwenda hatimaye, daktari akapima kwa kidole, kisha akatumia kale kabomba kafupi kagumu kenye taa, akasema bawasiri ipo kweli, ila haka kabomba kanaishia mlangoni, sentimita chache tu, na utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi. Huwezi kusimama mlangoni ukasema nyumba nzima haina mtu.

Hilo neno lilinitisha kuliko damu yenyewe.

Akanieleza kwamba vifaa vimegawana safari. Lipo bomba gumu lililonyooka linalofika kama sentimita 25, upo mpira unaopinda wa kama sentimita 60 unaokagua upande wa kushoto peke yake, halafu ndo kuna hii ya kolonoskopi inayokwenda njia nzima, inapanda kushoto, inakatiza tumbo kwa juu, inashuka kulia mpaka mwanzo kabisa wa utumbo mpana, pale kilipo kidole tumbo. Akasema ukikaguliwa nusu utajua nusu.

Nikapewa dawa ya kusafisha tumbo, ile ya unga wa kuchanganya na maji mengi, na karatasi ya maelekezo: nusu jioni, nusu alfajiri saa chache kabla ya kipimo. Ya jioni nikainywa yote. Usiku ule sitauelezea, aliyeupitia anaujua. Alfajiri nikaangalia kinachotoka nikaona ni majimaji ya njano, nikasema tumbo limeshatakata, ya nini kujitesa tena, nikaiacha ile nusu ya pili.

Walinirudisha.

Daktari aliingia akafika mahali akasimama. Nilipozinduka vizuri akanionyesha picha: upande mmoja ukuta wa pinki unang'aa, upande wa pili tope la kahawia. Akaniambia kuna mizani wanayotumia, utumbo wanaugawa vipande vitatu na kila kipande kinapewa alama kuanzia 0 mpaka 3, jumla 9, na mi nilikuwa na 4, tena kipande cha kulia kilipata 0. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kamera yangu inaona vizuri sana, lakini haioni nyuma ya tope."

Nikamuuliza mbona kilichokuwa kinatoka kilikuwa maji. Akaeleza kwamba usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kumimina vitu vyake kwenye upande wa kulia wa utumbo mpana, vinatanda ukutani kama utando, na upande huo ndo wenye vile vinyama bapa vinavyoota ukutani, ambavyo hata pakiwa safi jicho linaweza kuvipita. Dozi ya alfajiri kazi yake ni kuosha huko. Yaani mahali palipohitaji jicho kuliko kwingine kote ndo mahali nilipoacha bila kuosha.

Mara ya pili nikanywa zote mbili. Nikapata 8.

Nimeliweka hili mapema makusudi, kwa sababu baadaye nilipoanza kuwa na hasira kuhusu usafi wa kifaa chao ilibidi nikumbuke kwamba mimi mwenyewe niliwahi kupeleka pale kitu ambacho hakijaoshwa, na nilikuwa nimejiaminisha kabisa kwamba ni safi.

## Usiku wa kuperuzi

Wiki ya kwanza baada ya kipimo nililala vizuri. Ya pili nikaanza kusoma.

Kwamba kamera moja inatumika kwa watu wengi, miaka na miaka, hilo ukilifikiria ni wazi. Lililonikalisha kitako ni jingine.

Haichemshwi.

Mkasi wa upasuaji ukitoka kwa mgonjwa unaingia kwenye mashine ya mvuke wa nyuzi 121 au 134, na hakuna kijidudu cha kawaida kinachotoka humo kikiwa hai. Kamera ya utumbo haiingii humo. Ikiingia itatoka gundi imeachia, mpira umekakamaa, sensa ya picha imekufa. Kwa hiyo inaoshwa kwa mkono, kwa brashi na sabuni maalumu, kisha inalowekwa kwenye dawa kali ya kuua vijidudu. Kwa mkono, na mtu ambaye yawezekana amechoka, au ana foleni ya kamera nyingine nne nyuma yake.

Nikaendelea kusoma, na hapo ndo nilipopatikana. Mwaka 2009 Marekani, zaidi ya wastaafu wa jeshi 10,000 walitaarifiwa waende wakapimwe damu, virusi vya ini na vya Ukimwi, baada ya kugundulika kwamba hospitali zao hazikuwa zinavisafisha inavyotakiwa vifaa vya kuchungulia ndani ya mwili, zikiwemo kamera za utumbo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya huko huko ikatoa onyo kuhusu ndugu wa kamera hii, ile inayopita mdomoni kwenda kwenye mirija ya nyongo, ambayo kwenye ncha yake kuna kijikono kidogo kinachonyanyuka, na nyuma ya kijikono hicho vijidudu sugu vilikuwa vinajificha hata pale kifaa kilipooshwa kwa kufuata maelekezo yote.

Hata pale kilipooshwa kwa kufuata maelekezo.

Nilizima simu saa nane usiku.

Sasa kuna jambo lazima niliseme hapa maana ndo limenifanya nisite kuandika mpaka leo. Majibu yangu yalikuja na maagizo. Walinikuta na vinyama viwili, kimoja kidogo cha kama milimita 4, kingine cha milimita 12 upande wa kulia, aina ile inayoweza kugeuka saratani ikiachwa miaka. Vilitolewa hapo hapo nikiwa usingizini. Daktari akasema nirudi baada ya miaka 3, na akasema ndugu zangu wa tumbo moja nao wapimwe, wasisubiri damu. Mimi nina mdogo wangu wa kike mmoja. Ana miaka 43.

Nilikaa na ujumbe ule siku kumi bila kumpa.

Kila nikishika simu naona lile tone. Nasema nitampelekaje mtoto wa mama yangu kwenye kitu ambacho mimi mwenyewe sina hakika nacho? Na huku upande wa pili najua Chadwick Boseman, yule mwigizaji wa Marekani, alifariki 2020 kwa saratani hii hii ya utumbo akiwa na miaka 43, umri ule ule wa mdogo wangu. Zile siku kumi nilizunguka kati ya hofu mbili na sikuchagua hata moja, na kumbe kutochagua nako ni kumchagulia yeye.

## Shida ya kitu kinachopinda

Kilichoanza kunifungua kidogo ni kuelewa kwa nini kifaa chenyewe kiko vile.

Watu wametamani kuona ndani ya mwili wa aliye hai kwa muda mrefu sana. Mwaka 1806 daktari kijana wa Frankfurt, Philipp Bozzini, alikuwa na kifaa cha mshumaa na kioo na bomba, mwanga unaingia, jicho linachungulia. Alifariki 1809 akiwa na miaka 35 tu. Baadaye Adolf Kussmaul mwaka 1868 akafanikiwa kupitisha bomba lililonyooka mpaka tumboni, na mtu aliyemsaidia alikuwa mmeza panga wa maonyesho, kwa sababu nani mwingine angeweza kuinyoosha shingo yake ikapokea chuma? Utumbo mpana lakini hauna wa kuunyoosha. Una kona, una mikunjo, kuna sehemu inaelea na kujikunja yenyewe kama kamba iliyotupwa. Kwa bomba gumu waliishia zile sentimita 25, na chochote kilichokuwa mbele ya hapo kilibaki cha kubahatisha kwa eksirei au kupasua tumbo.

Mpaka ilipopatikana njia ya kupindisha mwanga. Daktari Basil Hirschowitz na wenzake kule Michigan, Marekani, walikusanya nyuzi za kioo, maelfu kwa maelfu, nyembamba kuliko unywele, kila moja inabeba nukta yake ya picha, na mwaka 1957 Hirschowitz akaupitisha mpira ule kwenye koo lake mwenyewe kabla ya kumpitishia mgonjwa. Ukaja kurefushwa kwa ajili ya utumbo mpana. Mwaka 1969 kule New York, William Wolff na Hiromi Shinya waliweza siyo kuona tu, waliweza kupitisha kitanzi cha waya ndani ya kamera, kukifunga kwenye shina la kinyama na kukikata kwa umeme. Kabla ya hapo kinyama kama changu cha milimita 12 upande wa kulia, hata kama kingeonekana, kukitoa kulimaanisha kupasuliwa.

Nilisoma hapo mara tatu.

Mwaka 1983 zile nyuzi za picha zikaanza kuachia nafasi, kamera ndogo ya elektroniki ikawekwa kwenye ncha yenyewe, ndo hii tunayoijua, picha inatokea kwenye skrini na watu wote chumbani wanaona.

Sasa fikiria ndani ya huo mpira mmoja wenye unene wa kidole kumepita nini: waya nne za kuivuta ncha juu, chini, kushoto na kulia, nyuzi za mwanga, nyaya za umeme wa kamera, kijibomba cha hewa, kijibomba cha maji cha kuoshea lenzi, na tundu la milimita tatu na kitu ambalo linafyonza uchafu na ndo hilo hilo linapitisha kitanzi na koleo. Vyote hivyo lazima vipinde pamoja. Ncha inaweza kujikunja mpaka ikageuka kuangalia ilikotoka. Chuma hakifanyi hivyo. Gundi, mpira na plastiki laini ndo vinafanya hivyo, na gundi na mpira na plastiki laini haviwezi kuingia kwenye mvuke wa nyuzi 134.

Kwa hiyo kile kile kilichoifanya ifike kwenye kinyama changu ndo kinachozuia isichemshwe. Huwezi kupata kimoja ukaacha kingine. Na tundu lile lile lililopitisha waya ulioniokoa ndo tundu ambalo uchafu wa mtu unaweza kubaki.

Hapo hasira yangu ikabadilika. Sikutulia, ila niliacha kutafuta wa kumlaumu, nikaanza kutaka kumjua mtu mmoja tu.

Anayeosha.

## Mama wa brashi

Siku ya kuchukua karatasi za majibu ya maabara nilimuuliza daktari. Nilijizungusha sana, nikasema samahani, siyo kwamba siwaamini, ni kutaka kujua tu. Akaniangalia kidogo, nilidhani ameudhika, kumbe anafikiria nani yuko zamu. Akasema twende.

Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido. Kina milango miwili na mstari sakafuni, vichafu vinaingilia huku na visafi vinatokea kule, havirudi nyuma. Niliruhusiwa kusimama mlangoni upande wa vichafu, nisiguse kitu. Ndani kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, aproni ya plastiki mpaka chini ya magoti, glavu ndefu za kufika viwikoni, kioo cha kukinga uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simama hapo hapo, hapa maji yanaruka."

Kamera ilikuwa imeletwa muda huo huo ndani ya chombo chenye mfuniko. Akanieleza kwamba kazi haianzii kwake, inaanzia kitandani, kamera ikitoka tu kwa mgonjwa nesi anaifuta na kuifyonzesha maji ya sabuni kabla haijakauka, maana uchafu ukikauka ndani ya tundu unashika kama saruji na vijidudu vinajijengea utando wao ambao brashi haiutoi kirahisi. Akasema akiletewa kamera iliyokauka anajua tu, na anakwenda kuuliza nani alikuwa chumbani.

Kisha akaunganisha kipampu kidogo kwenye mpini, akaijaza kamera hewa, akaizamisha yote kwenye sinki la maji. Akainama. Mkono mmoja ukawa unazungusha yale magurudumu mawili ya kwenye mpini, moja kubwa moja dogo, na kule mwisho wa sinki ncha ikawa inajikunja juu, chini, kushoto, kulia, kama kidole kinachoita mtu. Alikuwa hapepesi macho. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mapovu. Likitoka hata moja, hii imetoboka, maji yanaingia ndani na uchafu unaingia ndani, hairudi kwa mtu mpaka itengenezwe. Na ukiikunja ndo tundu linajionyesha. Ikiwa imenyooka linakudanganya."

Tukakaa kimya tukiangalia maji. Hayakutoa kitu.

Halafu brashi. Waya mrefu kuliko kamera yenyewe, mwishoni una manyoya madogo kama ya brashi ya kusafishia chupa ila nyembamba kama ya rangi ya wanja, anaupenyeza kwenye tundu huku, anausukuma, anausukuma, mpaka manyoya yatokeze kwenye ncha kule. Anayasugua kwa vidole ndani ya maji ya sabuni, anavuta nyuma, anaanza tena. Mara ya kwanza yalitoka na rangi. Mara ya pili na rangi hafifu. Mara ya tatu nilidhani yametoka safi, yeye akayaleta karibu na taa, akatikisa kichwa, akarudia.

"Mpaka brashi itoke kama ilivyoingia. Sihesabu mara ngapi."

Vitufe vya hewa na vya kufyonza anavifungua anaviosha peke yake. Baada ya hapo ndo kamera inaingia kwenye mashine inayozungusha ile dawa kwenye kila tundu kwa muda na joto lililowekwa, inasuuzwa, inapitishiwa spiriti, kisha inapulizwa hewa mpaka ikauke, maana unyevu uliobaki usiku kucha unaweza kufuga upya kile alichokiua mchana. Inatundikwa kwenye kabati ikiwa imenyooka, haikunjwi, haiwekwi kwenye begi. Vile vikoleo vya kuchukulia vipande na vile vitanzi vya waya, kwa kuwa vinakata nyama yenyewe, havifuati njia hii, ama vinatumika mara moja vinatupwa, ama ni vya chuma vya kuingia kwenye mvuke.

Nilimuuliza amefanya kazi hii miaka mingapi. Akasema mingi, na kwamba mimi ni mgonjwa wa kwanza kusimama mlangoni kwake.

## Tone

Basi nikamwambia. Nikamweleza lile tone, nilivyoliona linakua na kudondoka, na swali, na wiki zilizopita, na mdogo wangu.

Hakucheka wala hakujitetea. Akavua glavu, akanawa mikono, akasema kabla kamera haijaingia kwa mgonjwa yeyote nesi anaijaribu kwanza, anaiwasha aone picha na mwanga, anabonyeza aone hewa inatoka, anabonyeza aone maji yanatoka, anaizamisha ncha kwenye kikombe cha maji safi aone inafyonza. Ukiiona inadondosha maji kabla ya kuanza maana yake imejaribiwa muda huo. "Ingekuwa kavu kabisa ndo ungeniuliza."

Nilihisi mabega yanashuka.

Lakini akaendelea, na hapa ndo nilipomwamini: "Ila siku hiyo mimi sikuwepo zamu mwanangu. Siwezi kukuapia kitu ambacho sikukiona. Ngoja."

Akaleta daftari. Kila kamera ina namba, kila mstari una tarehe, namba ya mgonjwa bila jina, saa iliyotoka kwake, jibu la kipimo cha mapovu, saa iliyoingia kwenye mashine, saa iliyotoka, sahihi ya aliyeosha. Nikamtajia tarehe na namba yangu. Akashuka na kidole.

Kamera yangu siku hiyo ilikuwa imetumika kwa mtu mmoja kabla yangu, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mapovu: hakuna. Iliingia kwenye mashine, ikatoka, ikakaushwa, yote yamekwisha saa nne na dakika tano. Sahihi ya kijana wa zamu ya asubuhi. Mimi niliingia saa tano.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa na jibu siku zote, liko kwenye daftari mwisho wa korido. Ndani ya nani? Ndani ya namba hii hapa. Nikaiangalia ile namba, nikawaza na yeye alilala ubavu wa kushoto, labda na yeye alikunywa ile dawa ya alfajiri kwa shida, labda na yeye aliambiwa hapana dada niko sawa ndo jibu la heshima.

Halafu macho yakashuka mstari mmoja chini yangu. Saa nane mchana, namba nyingine.

Kumbe na mimi ni "nani" wa mtu.

Yule wa saa nane alikuwa anategemea kijana wa brashi, na mashine, na nesi wa kikombe, na alikuwa anategemea na mimi pia, kwamba nilisema ukweli kwenye fomu ya magonjwa niliyojaza nikiwa na haraka. Fomu hiyo niliipitia kama mtu anayesaini kupokea mzigo. Hiyo nayo nimeifikiria sana wiki hii.

Sijatoka pale nikiwa sina wasiwasi hata kidogo. Daftari linaweza kuandikwa na mkono mvivu, sahihi inaweza kuwekwa kabla ya kazi, na yale ya 2009 yalitokea kwenye hospitali zenye madaftari pia. Ila nimeona mtu anakataa brashi ambayo mimi ningeikubali. Dhidi ya hilo ninaweka milimita 12, ambazo hazikuwa na wasiwasi wowote, zilikuwa zinakua tu.

Nilimpigia mdogo wangu jioni ile ile, nikiwa bado nje ya geti. Nikampa ujumbe wa daktari, na nikamwambia nilikuwa nao siku ngapi. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Siku kumi, kaka?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa sina cha kuongeza.

Amepangiwa Alhamisi. Dawa ameshapewa, na nimemwambia ya alfajiri aiwekee alamu na anipigie akiwa anainywa. Jana usiku kanipigia yeye, nilidhani ni kuhusu dawa, kumbe kuna kitu kinamsumbua.

"Kaka, na nikiwauliza nani ameiosha, hawatakasirika?"

Nikamwambia aulize akiwa bado amekaa, kabla hawajamlaza.